Harusi ya Mama Musumari na Bwana Mita

Kolwezi, tarehe 9 mwezi wa pili, 2025

Mudogo wangu Gracien,

Nakusalimu sana, mimi yaya yako, dada yako mkubwa. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kifua chako kimeona nafuu huko Tenke. Huku sisi tuko. Goti langu la kushoto linauma mvua ikitaka kunyesha, na mwezi huu inataka kila siku. Tata Mulumba, mzee wa kamati ya mtaa, anakusalimu. Baada ya hayo, ujue kwamba nimekasirika.

Utajiuliza kwa nini karatasi. Ni kwa sababu kila kitu kinachoingia kwenye simu kinaishia kwenye lile kundi. Juzi nilimwomba Marlène, yule msichana anayeuza yuniti za simu pale kona, anirekodi sauti nikutumie. Kabla wewe hujaisikiliza, watu mia tisa walikuwa wameshaisikiliza. Nilikohoa nilipotaja jina la Bwana Mita, na sasa wanajadili kikohozi changu. Wengi wanasema si cha mafua. Basi barua hii nampa Mechack wa lori, ambaye hajui kusoma na hana hamu ya kujifunza.

Kundi linaitwa Harusi Lini, na Marlène ndiye aliyelianzisha. Nakueleza haya kama mtu anayemweleza daktari, bila kucheka. Watu wazima, wenye watoto, wanaamka asubuhi na kutafuta ishara kwamba kikaragosi chako, Bwana Mita, kinakipenda kikaragosi changu, Mama Musumari. Wachimbaji wa mgodi wa Mashamba wanatazama video zetu wakipumzika, kisha wanatuma ushahidi, picha zimezungushiwa duara nyekundu kama za polisi.

Ushahidi wenyewe ni huu. Bwana Mita alipima mlango wa Mama Musumari mara tatu, na mwanamume aliyekuja kwa kazi angepima mara moja. Mimi na wewe tunajua kwamba mita ile ni utepe wangu wa kushonea, na unajikunja wenyewe. Tena, akimwona anainamisha kichwa. Kichwa kile kinainama kwa sababu shingo ni bomba la karatasi, na ililowa siku ile tulipocheza kwenye mvua uwanjani parokiani. Tena, wanasimama karibu mno. Jukwaa letu ni sanduku la cherehani, Gracien. Walitaka wasimame wapi, Likasi? Lakini lililowafanya wanawake wa soko wapige vigelegele ni maji. Mama Musumari alimpa kikombe kwa mikono miwili, amepiga magoti, kama mke anavyompa mume. Kikaragosi hakiwezi kushika kikombe kwa mkono mmoja. Na magoti hakina. Ni mkono wangu uliokuwa umechoka.

Nilimweleza Marlène haya yote. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Mama Jeanne, we uko unabaficha tu. Mukono haudanganyaka."

Sasa ngoja nikukumbushe tulianza kwa nini, maana naona mtu akifika mbali anasahau. Mtaa wetu umeandikwa namba nyekundu nyumba kwa nyumba, kwa sababu kampuni imegundua kwamba tunalala juu ya shaba. Nyumba aliyotuachia baba yetu, Tata Banza, ni namba 47, na namba wameiandika juu ya dirisha la chumba alichofia. Kamati ilikubaliana kwamba hakuna atakayesaini kuhama mpaka tumeonyeshwa nyumba mpya kwa macho. Mama Musumari tulimshona aseme hivyo. Bwana Mita, mpimaji wa kampuni, tulimshona azomewe. Na walimzomea vizuri, mwaka mzima. Sasa wanamhurumia. Jumapili baada ya misa mama mmoja alinishika mkono na kuniomba nimpunguzie Bwana Mita maneno makali, eti amekonda.

Uliondoka na Bwana Mita kwenye begi lako ukasema unaenda kutafuta kazi. Sikuuliza kazi gani. Nauliza sasa.

Yaya yako,
Jeanne


Tenke, tarehe 2 mwezi wa tatu, 2025

Yaya wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipokea kwa Mechack, inanuka mazuti, mafuta ya lori lake. Kifua changu kiko vizuri. Pole kwa goti, usilale bila kulifunika. Msalimie Tata Mulumba, na jirani yetu Mama Domitille, mwambie huku Tenke hakuna anayejua kukanda mkate kama yeye.

Ile ya Likasi nilicheka peke yangu mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Lakini sitaki kukuficha kitu. Utepe ulijikunja mara mbili. Mara ya tatu niliukunja mwenyewe. Wewe ulikuwa umeinama nyuma ya sanduku, hukuona nyuso za watu. Mimi nilikuwa naziona kupitia tundu la kitambaa. Mwaka mzima tunawaimbia habari ya kuhamishwa, na wanakaa pale kama watu wa matanga. Siku ile nikapima tena, nikamgeuza Bwana Mita amtazame Mama Musumari kidogo, basi uwanja mzima ukacheka. Tangu hapo sikuweza kuacha.

Kazi niliyopata ni kwenye ofisi ya kampuni, ile inayozungumza na mitaa inayohamishwa. Uso unaoufanya sasa naujua. Subiri kwanza. Mkubwa wangu, Bwana Sadrack, si mtu mbaya. Ana mabinti wanne, na video zetu anazitazama tangu mwanzo. Yuko kwenye Harusi Lini kwa jina la mke wake. Anataka tuwafungishe ndoa. Ofisi italeta jukwaa la kweli, ngoma, na kitambaa cha gauni. Anaomba umtume Mama Musumari kwa Mechack, umfunge kwenye plastiki asilowe. Au uje naye mwenyewe, gari litakufuata mpaka mlangoni.

Watu wanataka kitu kimoja cha furaha, yaya. Ni dhambi?

Mudogo wako,
Gracien


Kolwezi, tarehe 30 mwezi wa tatu, 2025

Gracien,

Salamu. Mimi mzima, nawe uwe mzima. Nimekaa wiki nne bila kujibu kwa sababu kila karatasi niliyoanza ilitoboka kwa kalamu.

Umeniuliza kama ni dhambi. Mimi nakuuliza, baada ya ndoa hiyo Mama Musumari atalala wapi?

Kwetu mwanamke akiolewa anahama. Anafunga vitu vyake, anapigiwa ngoma, anatoka katika nyumba ya baba yake huku anacheka, na majirani wanamsindikiza wakiimba. Mwaka mzima Bwana Sadrack wako ameshindwa kumtoa kwa barua zenye mihuri. Sasa amepata njia ya kumtoa kwa ngoma, na wewe ndiye uliyembebea ngoma hiyo.

Usiniambie mawazo yangu yamepinda. Video yako ya tarehe kumi na tano imefika huku. Bwana Mita amesimama peke yake mbele ya nyumba ya buluu yenye maua, anasema, "Mama Musumari, nimekujengea." Nyumba imechorwa kwenye shuka. Nimejua ni wewe uliyechora, kwa sababu madirisha yako tangu utotoni yanaegemea kulia. Watu mia tisa hawakuona shuka. Waliona nyumba. Marlène alilia mpaka wateja wakaenda kununua yuniti kwingine.

Siku tatu baadaye Mama Domitille alisaini. Domitille, Gracien, aliyemfukuza mpimaji wa kweli kwa mwiko wenye unga. Nilienda kwake nikamkuta anakunja nguo za watoto, ametulia kabisa. Nikamuuliza nini kimempata. Hakuona haya. Alisema, "Jeanne, kama Mama Musumari mwenyewe anaenda, mi nabaki na nani?"

Nilimwambia Mama Musumari ni soksi ya mume wangu marehemu na vifungo viwili. Akasema anajua, lakini vilevile.

Baada yake wamesaini wengine kumi. Mwaka mzima uliopita hakusaini hata mmoja. Tata Mulumba anatembea na orodha ya mtaa mfukoni na haifungui tena. Usiku mmoja nilifungua simu ya Marlène nikasoma Harusi Lini tangu juu mpaka chini. Hakuna aliyeuliza nyumba iko wapi. Wanauliza gauni litakuwa rangi gani.

Nataka jibu la jambo moja. Nyumba hizo umeziona kwa macho yako? Usinijibu kwa shuka.

Mama Musumari hatoki humu. Amelala kwenye droo ya cherehani, na ufunguo naulalia.

Yaya yako, mpaka sasa,
Jeanne


Tenke, Jumatatu ya Pasaka, 2025

Yaya,

Pasaka njema kwako na kwa wote wa mtaani. Mimi si mgonjwa, lakini silali.

Nimeenda kuona. Nilichukua pikipiki siku ya Alhamisi Kuu, ofisi ilipofungwa mapema. Ni kilomita kumi na nane kutoka lami. Kuna majani yanayofika kifuani, na vijiti vyenye namba. Nikatafuta kijiti cha 47. Kipo. Mtu amefunga mbuzi wake hapo. Nilimuuliza Bwana Sadrack, akasema nyumba zitajengwa watu wakishahama, ndivyo kazi ilivyopangwa. Alisema bila aibu, kama mtu anayesoma saa ya treni.

Kuna jingine, na hili ndilo linalonizuia kulala. Nilisaini. Siku ya kwanza ya kazi waliniwekea karatasi mbele wakasema mfanyakazi wa ofisi hii hawezi kuwa upande wa wanaokataa. Kwenye hati ya nyumba ya Tata jina langu liko chini ya lako. Nilijiambia bila jina lako haina nguvu, nitakula mshahara wao na nyumba itabaki. Sasa wanasema namba 47 nusu imeshatolewa, kwa hiyo mashine zitaanza nayo, tarehe mbili ya mwezi wa sita.

Ndiyo maana niliitaka harusi. Nilitaka utoke ukiwa unacheka, usijue kamwe kwamba ni mimi.

Wao wataendelea hata ukikataa. Wameagiza Mama Musumari mwingine ashonwe Lubumbashi. Nimeona picha. Ana pua ndogo, na anatabasamu.

Sijui nifanye nini. Niambie.

Mudogo wako,
Gracien


Kolwezi, tarehe 4 mwezi wa tano, 2025

Gracien,

Leo sikuulizi kifua.

Nilichosema nilipomaliza kusoma sitakiandika. Mama Domitille alikisikia kupitia ukutani, akafanya ishara ya msalaba. Nilitoka nje nikatazama dirisha la chumba cha Tata. Mwaka mzima nimewalaani walioandika namba ile, na kumbe kalamu ilikuwa ya ndani. Ungeiba sahani, ningezinunua tena. Ungenitukana, ningekutukana nikashinda. Lakini ulinichezea. Mimi, niliyekufundisha kuingiza mkono kwenye soksi, uliniingiza mkono na kunigeuza kichwa nielekee unakotaka. Ulinifanya mtazamaji nyumbani kwangu.

Sasa mwambie Bwana Sadrack kwamba nimekubali.

Nimekubali ndoa. Lakini mwanamke haondoki kama gunia la udongo. Kwetu mwanamume anakuja kuposa mbele ya watu wa mwanamke. Na kabla binti hajatoka, shangazi yake anaenda kuona nyumba atakayolala. Anagusa ukuta, anafungua na kufunga mlango, anaangalia maji yanatoka wapi, ndipo anarudi kuitikia. Hata kwa mama yetu ilifanyika hivyo, na kwangu pia. Atakayekataa, basi si muoaji.

Jumamosi tarehe 17, saa tisa alasiri, uwanja wa parokia. Lete Bwana Mita. Mlete na mkubwa wako, akae mbele kwenye kiti cha wazee wa mume. Yule wa pua ndogo asije. Nimeshamwambia Marlène, kwa hiyo Kolwezi yote inajua, na huwezi kugeuza tarehe.

Usidhani nimekusamehe. Sijaanza hata kufikiri.

Jeanne Mbuyu


Kolwezi, tarehe 20 mwezi wa tano, 2025

Gracien,

Kifua kikoje? Ulipanda ile pikipiki bila koti, na baridi imeshaanza. Nauliza tu.

Ulikuwa nyuma ya kitambaa, kisha ukakimbia, kwa hiyo hukuona chochote. Nakuandikia ulichokosa, si kwa wema, ila sipendi mtu awe na habari nusu.

Watu walikuja wamevaa. Wachimbaji wa Mashamba walikuwa na mashati yaliyopigwa pasi, sijui pasi waliitoa wapi. Bila kuambiwa na mtu waligawanyika, upande huu watu wa mume, upande ule watu wa mke, na wakaanza kutukanana kwa adabu kama inavyotakiwa. Bwana Sadrack alikuja na suti na karatasi ya hotuba. Alipigiwa makofi. Alifurahi, maskini.

Mama Musumari nilimweka mkononi mwa Marlène, akaenda nyuma pamoja nawe. Najua ulisikia akilia. Mimi nilikaa mbele. Tangu tuanze sijawahi kukaa mbele. Na nitakuambia neno ambalo nikiulizwa nitalikana: kutoka mbele inaonekana kweli kwamba anampenda.

Mama Domitille ndiye aliyesimama kama shangazi. Yeye mwenyewe aliomba. Alivaa kitenge cha Pasaka, akashika kiuno, akasema, "Bwana Mita, tumekupokea. Sasa unionyeshe nyumba ya mutoto wetu. Mi nakwenda leo, niko na biatu ku miguu."

Watu wakaligeukia sanduku. Nilijua una maneno ya Bwana Sadrack yameandikwa na kubandikwa ndani ya sanduku, maana Marlène aliyaona. Nikahesabu moyoni, na nilipofika kumi na moja nikajiambia basi, huyu ndugu nimeshamzika. Ndipo ulipoongea, na haikuwa sauti ya Bwana Mita.

"Nyumba hakuna. Kuko majani na bijiti. Nilienda kuona na macho yangu. Musisaini. Mi nilisaini ya kwetu, nilikosea."

Halafu tukasikia pikipiki yako ikiondoka.

Bwana Sadrack alisimama akaeleza kwamba huu ni mchezo, watu wasichanganye mchezo na kazi. Tata Mulumba, ambaye mwaka mzima hajapandisha sauti, alimjibu polepole, "Basi we, tata, mwenye hauko kikaragosi, utupeleke kuona nyumba." Bwana Sadrack alitafuta gari lake. Lilikuwa limezungukwa na watu wa mke.

Pikipiki thelathini na saba zilienda huko kwenye vijiti, Mama Domitille mbele, na vigelegele njia nzima kwa sababu ni msafara wa harusi. Walirudi giza limeshaingia, bila vigelegele. Marlène amepiga video. Mama Domitille amesimama kwenye majani, mbele ya kijiti chake, anabisha hodi. Anangoja, anabisha tena. Hacheki hata kidogo. Video hiyo imefika Dilolo kule mpakani, imefika na kwingine ambako sikujua tuna watu. Familia kumi na moja zilizosaini zimeandika kujiondoa, na mwandiko wa kwanza ni wa Domitille.

Ofisi imetangaza kwamba inaahirisha kuhamisha mtaa mzima, isipokuwa nyumba ambazo mwenye nyumba ni mfanyakazi wao. Nyumba hiyo ni moja. Mashine tarehe mbili zinakuja kwa 47, kwa jina lako, hata kama kazini wamekufukuza. Nilienda kwa katibu wa mtaa. Anasema saini yako inaweza kufutwa, lakini nikienda peke yangu haitoshi. Anataka majina yote mawili ya kwenye hati, yasimame mbele yake pamoja.

Harusi Lini bado wako. Wanasema ulisema kweli kwa ajili ya mapenzi, kwamba Bwana Mita alishindwa kumdanganya mwanamke yule. Niliwaambia ni upuuzi. Aliyesema ni mudogo wangu, kwa mdomo wake, na ndiye aliyeiuza nyumba kwanza. Marlène akaniuliza, basi alisema kwa ajili ya nini, na mshahara ameupoteza? Nilimwambia ahudumie wateja wake.

Bado nimekasirika. Nakasirika nikiamka, nakasirika nikishona, juzi nimeshona shati la shule mikono miwili upande mmoja. Usiniandikie kuomba radhi, karatasi haitatosha na Mechack hatapita tena huko kabla ya siku yenyewe.

Ni Jumatatu tarehe 26, saa mbili asubuhi, kwa katibu. Lete kitambulisho. Mle ndani kuna viti viwili tu kwa wanaongoja. Kimoja nitakikalia. Cha pili nitakiwekea mkoba wangu, na atakayetaka kukaa nitamwambia kina mtu, mpaka watakapofunga mlango.

Yaya yako,
Jeanne